Barua ya Bwana Shamba: Sakafu ya Bafu

Mwezi huu sitaandika juu ya mahindi wala tumbaku. Nitaandika juu ya sakafu ya bafu.

Hapa Chemchem, Tabora, nina jirani ambaye ni bibi mzee. Bafu lake liko uani. Sakafu yake ilikuwa ya udongo na vipande vya matofali. Maji yalituama, utelezi ukaota. Wakati wa mvua zilizopita bibi alianguka humo akavunjika mkono. Wanawe walipouza tumbaku walitaka kumnunulia kitanda kipya. Bibi akakataa. Akasema, "Kitanda ninacho. Nitengenezeeni bafu, wanangu."

Vijana wakaja kwangu. Watu wengine walicheka. Waliuliza, bwana shamba anajua nini juu ya zege? Ni kweli, cheti changu ni cha kilimo. Lakini nilikwisha kuharibu sakafu ya bafu langu mwenyewe. Nilimwaga zege juu ya udongo ambao haukushindiliwa. Nilitia maji mengi ili zege liwe laini, nisichoke kulikoroga. Kisha nikaliacha juani nikaenda shambani. Baada ya wiki tatu sakafu ilikuwa na nyufa kama mbuga ya mwezi wa kumi. Mifuko 2 ya saruji ilipotea.

Kwa bibi hatukufanya hivyo. Kwanza tuliondoa sakafu ya zamani yote. Usimwage zege juu ya tope au utelezi wa zamani. Tulichimba mpaka tukakuta udongo mgumu. Bahati nzuri udongo wa hapo ni wa kichanga. Kama kwako ni udongo mweusi wa mbuga, uondoe na kuleta moramu, kwa sababu udongo huo hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na sakafu itapasuka. Tulipanga mawe, tukajaza moramu katikati, tukanyunyiza maji kidogo na kushindilia. Kazi ya kushindilia ilichukua asubuhi nzima. Vijana walinung'unika. Niliwaambia waje waone bafu langu.

Bomba la kutolea maji liwekwe kabla ya zege, si baada yake. Maji ya bibi yanakwenda kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na kisima. Karibu yake amepanda mgomba.

Sasa hesabu. Bafu la bibi lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu. Unene wa zege ni sentimita 7 na nusu, yaani kama vidole vinne vya mtu mzima. Tulichanganya kwa ndoo: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Kwa ndoo za lita 20, tulirudia mara mbili na nusu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hujaza karibu ndoo moja na robo tatu. Kwa hiyo nunua mifuko 2. Itakayobaki utapigia plasta chini ya ukuta, mahali maji yanaporukia.

Changanya saruji na mchanga vikavu mpaka rangi iwe moja. Tia kokoto. Ndipo utie maji kidogo kidogo. Kwa mfuko mzima lita 25 zinatosha, na mchanga ukiwa mbichi punguza. Ukiona zege linatiririka kama uji, umekwisha kosea. Maji yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu ndani, na zege huwa dhaifu. Usitumie pipa lililokuwa na mbolea. Chumvi za mbolea hula zege. Vaa viatu na glavu pia. Saruji mbichi huunguza ngozi, na mtu huweza kuchelewa kusikia maumivu.

Mteremko usisahauliwe. Kila mita moja, sakafu ishuke sentimita 2 kuelekea kwenye tundu la maji. Tulipiga vigingi, tukapima kwa kamba na pima maji, tukasawazisha kwa ubao ulionyooka.

Hapo tulibishana. Fundi tuliyemwita atusaidie alitaka kusugua niru mpaka sakafu ing'ae kama sahani. Inapendeza, sikatai. Lakini bibi huyu amekwisha kuvunjika mkono mara moja! Tulipitisha fagio juu ya zege kabla halijakauka, ili miguu ishike. Fundi alisema ni kazi ya ovyo. Tulimlipa, akaenda zake.

Kisha ikaja kazi ambayo wengi huiacha. Zege halikomai kwa kukauka. Linahitaji maji ndani yake ili saruji ishike, na jua la kiangazi huku kwetu huyanyonya upesi. Tulipasua mifuko ya nailoni ya mbolea, tukaifua vizuri sana, tukafunika sakafu siku ileile jioni. Kila asubuhi na jioni wajukuu walifunua, wakamwagilia, wakafunika tena. Siku 7. Hakuna aliyeoga humo. Bibi alioga nyuma ya jiko, amezungushiwa kanga, akilalamika kila siku.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma pamoja, kisha wakachimba vyoo. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Shimo alichimba, lakini bafu letu liliendelea kuwa la mawe matatu na tope, nami niliogea humo mpaka nilipokwenda chuoni.

Siku ya nane tulifunua. Nilimwaga ndoo moja ya maji mlangoni. Yalikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu, isipokuwa kidimbwi kidogo kwenye kona ya kushoto, kama kiganja cha mtoto. Bibi alikiona kabla yangu.

"Na hii, bwana shamba?"

Nimeahidi kuirekebisha Jumamosi.