Vita vya wakulima wa Kona kulinda jina la kahawa yao

SHERIA ya mwaka 1991 ya jimbo la Hawaii, Marekani, ilimruhusu mfanyabiashara kuuza kahawa kwa jina la Kona hata kama buni iliyotoka Kona ilikuwa asilimia 10 pekee, mradi kiwango hicho kiandikwe kwenye pakiti. Asilimia 90 iliyosalia ingeweza kutoka kokote duniani. Vijiko tisa katika kila kumi!

Kona ni eneo dogo katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, kwenye miteremko ya milima ya volkeno ya Hualalai na Mauna Loa. Kahawa ilifika huko mwaka 1828. Wakulima wengi ni familia zenye ekari chache, zinazochuma kwa mikono na kulipa vibarua ujira wa Kimarekani. Ndiyo maana nusu kilo ya Kona halisi aghalabu hupita dola 30. Anayechanganya hulichukua jina bila kubeba gharama yake.

Mwaka 2019 wakulima waliwashtaki wakaangaji na maduka makubwa katika mahakama ya Seattle, wakidai kuwa baadhi ya kahawa iliyoitwa Kona haikutoka huko. Ushahidi wao ulitoka maabara. Moto wa kukaangia hubadilisha ladha na harufu, lakini uwiano wa madini ambayo mti ulifyonza udongoni hubakia katika buni. Kufikia 2023, kampuni zilizoshtakiwa zilikuwa zimekubali kulipa jumla ya zaidi ya dola milioni 41.

Mwaka uliofuata, Gavana Josh Green alitia saini sheria ya kupandisha kiwango hicho hadi asilimia 51 kuanzia Julai 2027. Wachanganyaji walipinga, wakihofia kuwa bei itawafukuza wanywaji wa kawaida. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi kwa nini mchanganyiko wa bei nafuu usitafutiwe jina lake wenyewe.

Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga anaufahamu mkasa huu. Kahawa yake husafirishwa ghafi kwa magunia, na sehemu yake kubwa huishia katika michanganyiko ya Ulaya ambako jina la Kenya hupotea kabisa. Mwenzake wa Kona walau anaibiwa jina linalojulikana. Hata hivyo, sheria ya Hawaii haivuki bahari: huko bara, mkulima angali ategemee mahakama, mawakili na maabara.