NI DEREVA PEKE YAKE?

Wako watu ambao treni ikianguka hukimbilia kumtaja dereva, na shauri kwao limekwisha. Sisi hatukubali.

Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki, Japani, treni ya abiria waendao kazini na shuleni iliacha reli penye kona, ikaligonga jengo la makazi. Walikufa watu 107, dereva akiwamo. Mwendo wa kona ile wakati huo ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Yeye alikwenda 116. Alikosa, naam. Lakini kijana wa miaka 23 alikimbizwa na nini? Alichelewa kiasi cha sekunde 90! Katika stesheni ya Itami aliipita alama ya kusimama, na malipo yake aliyajua. Mwaka 2004, kwa kosa la namna hiyo hiyo, aliwekwa siku 13 katika kile wakubwa walichokiita mafunzo: kuandika ripoti za majuto na kukemewa. Sisi tuliosomea ualimu twasema hiyo ni fimbo tu.

Na chombo cha kuizuia treni ipitayo kiasi cha mwendo hakikuwa kimefungwa penye kona ile. Sekunde za dereva zilihesabiwa; chombo kilingoja.

Wakuu wanne wa zamani wa kampuni walishtakiwa. Wote waliachiliwa, wa mwisho mwaka 2017.