Makala si mila yetu

Siku hizi hapa Kashebere, ukimuuliza mtu mbona anaangusha miti ovyo, jibu liko tayari mdomoni: "Wazee wetu walipikia kuni, na miti inaota tena. Hiyo ni mila." Hapana! Mila isigeuzwe nguo ya kufunika biashara.

Tuseme wazi. Bamama zetu waliokota matawi makavu, na kuni za kuokota haziui mti. Gunia la makala linataka mti mzima, mubichi, unaofunikwa udongo na kuchomwa siku nyingi. Katika tanuru hilo, kilo 100 za mti zinatoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Zingine zinapotea kwa moshi na mvuke. Kisha gunia linapanda gari kwenda mjini, siye tunabaki na kilima kitupu. Mila iko wapi hapo?

Ni kweli mti unaota. Lakini unaota kwa miaka, shoka linamaliza kwa saa moja. Kuni hazishi pale tu ambapo kinachokatwa hakipiti kinachoota. Wazee walijua kipimo. Katika utenzi wa Mwindo, ambao Mnyanga She-Karisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956, shujaa mwenyewe anapandishwa mbinguni na kuadhibiwa kwa kumuua joka. Kama Mwindo aliulizwa, sisi ni nani tusiulizwe?

Hata sheria ya misitu ya 2002 inatofautisha: inaturuhusu kuchukua kuni za mahitaji ya nyumbani, lakini haki hiyo si ruhusa ya kuuza.

Wengine watasema: "Kuna vita na njaa, watu wakule nini?" Swali ni la haki. Ndiyo maana simnyooshei kidole mama mwenye mafiga matatu, wala mkimbizi. Ninawanyooshea wanaolundika magunia kwa mamia, na wenye bunduki wanaotoza kodi kwa kila gunia barabarani.

Na njia ziko. Tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF umewapandisha wakulima wa Kivu ya Kaskazini miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe. Tupande mikaratusi kwenye vilima vilivyochoka, si mahali pa msitu. Tutumie mbabula inayobana moto. Maharagi yalale ndani ya maji usiku, yataiva haraka. Na tangu amri ya 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake wa kimila, hadi hektari 50.000, na kuuongoza yenyewe. Bami na wazee, mnangojea nini?

Anayetaja mila akiwa na shoka mkononi, tumwombe kwanza atuonyeshe mti alioupanda.