CHUKI HAINA HAKI



Wako watu wasemao kwamba aliyeumizwa ana haki ya kumchukia aliyemwumiza. Sisi tuzungukao matawi ya Kilosa na Mikumi twalisikia neno hilo kwa wakulima na kwa wafugaji pia. Leo twalijibu.

Mwezi wa Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji wilayani Kilosa, wakulima 38 waliuawa. Nani athubutu kuwaambia wafiwa wasikasirike? Sisi hatuthubutu. Hasira yao ni ya haki. Lakini hasira si chuki. Hasira yamjua mkosaji na kosa lake. Hukumu ikitolewa na fidia ikilipwa, hutulia. Chuki haitulii. Isipompata aliyeua, humpiga yeyote avaaye lubega. Naye mfugaji, kwa chuki hiyo hiyo, huona adui katika kila ashikaye jembe.

Tazameni Mikumi. Tembo akitoka katika Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964, akala mahindi, mkulima huenda Serikalini kudai kifuta jasho. Basi ikiwa kwa tembo twajua pa kudai, kwa nini kwa ng'ombe wa jirani tushike panga?

Na ni nani afaidiye chuki hii? Wataalamu waliochunguza mauaji ya Kilosa waliandika mwaka 2009 kwamba rushwa ilikuwa chanzo kikubwa: mkulima hutoa, mfugaji hutoa, na wote wawili hukosa imani na wakubwa. Maadamu wawili hao wanatazamana kwa chuki, hakuna amtazamaye mla rushwa. Wala hakuna aulizaye kwa nini mashamba makubwa ya mkonge yaliachwa yawe pori, huku wanyonge wakigombea vipande vya ardhi.

Mtasema: je, wazee wetu hawakumchukia mkoloni? Kumbukeni Tabora, mwaka 1958. TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mpango ule ulikuwa wa dhuluma, nao waliuchukia. Lakini hawakuwachukia watu kwa rangi zao. Waliwapigia kura Waasia na Wazungu waliokubali kusimama pamoja nao, wakashinda, na mwaka 1961 bendera ikapandishwa. Wangeongozwa na chuki, wangewaachia wapinzani wa uhuru viti vile.

Basi yatupasa hivi. Aliyeliwa shamba apeleke shauri lake barazani, akiwa na mashahidi. Aliyekamatiwa ng'ombe afanye vivyo hivyo. Wazee wa pande zote mbili wakae pamoja, wapange mipaka ya malisho na ya mashamba, tena waisimamie. Na atakayedai hongo, mkulima na mfugaji waende pamoja kumshtaki.

Ndugu zetu, ichukieni dhuluma kwa nguvu zenu zote. Mtu msimchukie.