TULIPE MAJI, TUSILIPE BOMBA KAVU

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wenyeji wa Uvira! Karatasi ya Regideso ikifika nyumbani, tuilipe au tuitupe?

Sisi twasema: maji uliyokwisha kuyateka ni deni, na deni hulipwa. Dawa ya kusafishia maji ya mto Mulongwe hununuliwa kwa fedha, na mashine hutaka umeme. Asiyelipa anamkausha jirani yake.

Lakini mtu wa machimbo aijua sheria hii: siku asiyofanya kazi hapati mshahara. Basi na bomba lisilotoa maji lisidai. Likikauka, mama zetu huteka ziwani, na huko kipindupindu chawangoja. Wataalamu waliwahesabu watu wa Uvira waliolazwa kwa shaka ya ugonjwa huo tangu 2009 hata 2014: karibu robo yao waliletwa na kukatika kwa maji.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Mita isomwe mbele ya mwenye nyumba. Pasipo na mita, siku za ukavu ziondolewe. Hesabu ya fedha ielezwe wazi kwa watu.

Kisha tulipe sote, mkubwa kwa mdogo. Na mkubwa atangulie.