Kulipa siyo kukubali

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili, UE zilinibana. Leo narudi na hasira kidogo, mnisamehe.

Jumanne alfajiri mama alinipigia kutoka Old Korogwe. Mtamba wake alikuwa anahangaika kuzaa tangu usiku, miguu ya ndama imetoka, kichwa hakipiti. Wakavuta wanaume wanne. Ndama akatoka amekufa, mtamba akakaa chini siku mbili. Sasa anasimama, lakini chotara wa zebu bila ndama hashushi maziwa vizuri. Na maziwa hayo ndiyo tulikuwa tunayategemea kwa mahitaji ya shule ya mdogo wangu.

Mtamba yule alihimilishwa mwaka jana. Mtaalamu alikuja na pikipiki na mtungi wake, akayeyusha mrija, akamaliza kazi, akalipwa, akaondoka. Mama hakuambiwa mbegu ni ya dume gani. Juzi ndiyo tumeona kwenye kadi: Friziani. Kwa mtamba mdogo, tena uzao wa kwanza!

Kinachoniuma zaidi, siku ile mama aliniuliza kwa simu. Mimi msomi wa SUA nikamjibu, "Kubali tu mama, ndiyo sayansi." Sikuuliza hata dume gani.

Sisemi uhimilishaji ni mbaya. Kupitia kituo cha taifa, NAIC pale Usa River, mfugaji mdogo anapata mbegu bora bila kulisha dume, na magonjwa yanayoenezwa kwa kupandana yanapungua. Ila hatari zipo: ndama mkubwa kuliko nyonga ya mama yake, uchafu kuingia kwenye kizazi, au ng'ombe mwenye mimba kuhimilishwa tena na mimba ikatoka.

Kwa farasi ni balaa zaidi. Kwetu Korogwe na Handeni huwaoni, mbung'o na nagana haviwapi nafasi. Lakini darasani tumesoma kwamba utumbo wa farasi jike huchanika kirahisi wakati wa kupimwa kwa mkono, na ukichanika anaweza kufa. Kwa hiyo huko Uingereza na Marekani madaktari wengi humweleza mwenye farasi hatari hizo, naye anasaini kabla hawajamgusa.

Sasa mbona mtamba wa mama, ambaye ndiye benki yake, hapati hata maelezo ya dakika mbili?

Maoni yangu: mfugaji aambiwe dume gani, ndama anaweza kuwa mkubwa kiasi gani, na nani ataitwa akikwama. Kisha aachwe aseme ndiyo, au aseme ngoja. Na aulizwe anayemkamua ng'ombe, siyo baba tu aliyeshika pochi. Mnyama hawezi kujisemea, na mama akinyimwa maelezo atamsemea vipi?

Mama nimeshamuomba radhi. Wenzangu tunaosomea mifugo, kesho ni sisi tutakaobeba huo mtungi.

Naomba kutoa hoja.