Kipimo si jambo la kubahatisha

Wako watu wengi nchini Marekani ambao hujaza risasi za bastola wenyewe nyumbani. Huyaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, wakayasafisha, wakayarudisha katika umbo lake, kisha wakatia fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo haimdai leseni mtu ajazaye risasi za matumizi yake binafsi. Hapa Kenya mambo ni tofauti: chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, raia wa kawaida hawezi kumiliki hata risasi moja pasipo cheti.

Yamkini mwalimu atauliza, hayo yatuhusu nini? Yanatuhusu, si kwa sababu twataka kuigiza kazi hiyo, bali kwa sababu inafichua ukweli ambao maabara zetu huupuuza: kwamba chombo kizuri humlinda mtu kwa kiasi tu, na panapokoma ulinzi wa chombo huanza nidhamu ya mkono wa mwanadamu.

Tuitazame historia. Risasi iitwayo .38 Special ilianza mwaka 1898. Mnamo 1930 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola nzito iliyokusudiwa risasi ya umbo lile lile, lakini yenye nguvu zaidi. Hapo hatari ikazuka, maana hakuna kilichomzuia mtu kuitia risasi hiyo kali katika bastola dhaifu. Mwaka 1935 ilipotolewa .357 Magnum, ganda lilirefushwa kwa milimita 3 na ushei. Kipenyo cha kichwa ni kile kile, lakini risasi hiyo ndefu haienei katika silinda ya bastola ya .38 Special. Onyo likawa limejengwa ndani ya umbo lenyewe. Hata asiyejua kusoma angelitii.

Urefu huo mdogo wabeba tofauti kubwa. Kiwango cha juu cha kanieneo kilichowekwa Marekani kwa .38 Special ya kawaida ni ratili 17,000 kwa kila inchi mraba, kwa.357 Magnum ni ratili 35,000. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa ratili 30 hivi. Msomaji na alinganishe mwenyewe.

Sasa, ajazaye risasi nyumbani ameuruka ukuta huo. Ganda fupi laweza kutiwa baruti kupita kiasi, na lisikataliwe na bastola yoyote ya aina yake. Isitoshe, ganda la .38 Special lilibuniwa kwa kuzingatia baruti nyeusi, ambayo huchukua nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huchukua nafasi ndogo mno, hata kipimo chaweza kutiwa mara mbili na ganda lisifurike. Kosa hilo halionekani mpaka silinda ipasuke mkononi mwa mwenyewe.

Ndipo penye somo la fizikia. Baruti huungua kwa kasi zaidi kadiri kanieneo linavyopanda. Kwa hivyo nyongeza ndogo yaweza kuzaa matokeo yasiyolingana nayo. Kichwa cha risasi kikisukumwa ndani kupita kiasi, nafasi ya gesi hupungua na kanieneo hupanda, ijapokuwa baruti haikuongezwa. Hata upungufu una hatari yake: kichwa chaweza kukwama mtutuni, na risasi ifuatayo ikaupasua mtutu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa sababu hiyo wajazaji makini wana mwenendo mkali. Hupima baruti kwa mizani isomayo sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6.5 hivi, uzito usiofikia punje moja ya mchele. Hufuata kitabu kilichochapishwa na wenye kuitengeneza baruti hiyo, wakaanzia kiwango cha chini. Mezani huweka chombo kimoja tu cha baruti. Humulika taa ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Huvaa miwani ya kinga, hawavuti sigara wala kupiga soga, na kila walichofanya hukiandika daftarini na kukibandika kwenye sanduku. Wamalizapo hunawa mikono, maana madini ya risasi ni sumu.

Tujiulize: ni wanafunzi wangapi wetu wafanyao majaribio ya kemia kwa uangalifu wa namna hiyo? Si ajabu kumwona mwanafunzi akibuni vipimo ili vikubaliane na jibu la kitabu, au akiacha chupa ya kemikali bila jina. Hukariri kwamba asidi hutiwa majini, si maji asidini, lakini haulizi sababu; hajui kwamba joto linalozuka laweza kuyachemsha maji machache na kumrushia asidi usoni.

Wapo watakaodai kwamba dawa ni kununua vifaa bora zaidi. Sikatai, ganda refu la mwaka 1935 lathibitisha faida ya chombo kilichobuniwa kwa busara. Hata hivyo, hakuna kifaa kiwezacho kumkinga mtu aliyezoea kubahatisha.

Basi walimu na watuze kipimo cha kweli hata kinapokosana na kitabu, na wamwulize mwanafunzi sababu ya tofauti hiyo badala ya kumnyima alama. Daftari la majaribio nalo lisahihishwe kwa uzito ule ule wa mtihani. Kijana anayefunzwa leo kusema kweli kuhusu miligramu chache ndiye kesho atakayempimia mgonjwa dawa hospitalini, au kuchanganya saruji ya ghorofa tutakamolala.